Nani Anang'oa Sakafu za Mjini?

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu nilikwenda nyumbani, Mamba. Kwa wasiopajua, Mamba iko Mpimbwe, mkoa wa Katavi. Ukitoka Mpanda unapita Sitalike, unakatisha Hifadhi ya Taifa ya Katavi huku umefunga vioo kwa kuogopa mbung'o, unatokea Kibaoni, halafu unaiacha barabara ya Sumbawanga na kushika njia ya Majimoto. Huko ni mpunga, mahindi, ng'ombe na vumbi. Simu inashika ukisimama mahali pazuri.

Najua wengi mlitegemea nirudi na habari za siasa au za bei ya mpunga. Hapana, leo naomba tuzungumze sakafu. Ndiyo, sakafu. Msicheke kwanza, nipeni dakika chache.

Ukiingia kwenye ofisi yoyote ya zamani pale katikati ya Dar es Salaam, jaribu kutazama chini. Kama bahati yako, utaviona vile vigae vya plastiki vya mraba, vyembamba, vya kahawia au kijani iliyokolea, vyenye michirizi myeupe kama maziwa yaliyomwagikia kwenye chai. Kitaalamu vinaitwa vigae vya vinili. Ni tofauti na hizi marumaru za siku hizi zinazoteleza ukiwa na kandambili zilizolowa. Vigae hivyo vilikuwa ndiyo fasheni ya majengo ya biashara na ya serikali duniani kote kuanzia miaka ya 1950 mpaka 1970 na kitu. Kule Uingereza kampuni moja, Marley, ilitamba navyo kiasi kwamba watu wengi waliviita kwa jina lake. Na sisi tuliokuwa chini ya Mwingereza tulijengewa kwa vifaa alivyovizoea yeye. Vilikuwa rahisi, havipitishi maji, ukivipaka nta vinang'aa, na vilivumilia viatu vya watu maelfu kwa miaka mingi.

Sasa zama zimebadilika. Mpangaji mpya akiingia anataka marumaru kubwa nyeupe, mbao za kuigiza, vioo na kiyoyozi. Sakafu ya zamani lazima itoke. Tunaona mabango ya "samahani kwa usumbufu, tunakarabati", tunapita. Baada ya wiki tatu tunarudi, sakafu inameremeta, tunasifia. Ni nani kati yetu aliyewahi kujiuliza ile ya zamani ilitolewaje, na nani?

Mimi namjua mmoja wao. Ni baba yangu mdogo.

Ba'mdogo ni mtu wa Mamba kabisa. Msimu wa mvua anakuwa shambani kwake, na mpunga ukishavunwa, kama mwaka haukuwa mzuri, anapanda basi kwenda Dar kutafuta vibarua. Ana miaka 40 na kitu, mwenye mikono kama mizizi ya mkwaju, na hacheki ovyo. Kwa misimu minne mfululizo kibarua chake kimekuwa hicho: kung'oa sakafu. Fundi mmoja alimwona anavyotumia tindo akampenda, na tangu hapo kila kazi ikitokea anampigia simu.

Nilimwomba anieleze kazi inavyokwenda, kaka yenu si mnajua ugonjwa wangu wa kuuliza. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, akanieleza taratibu kama mtu anayeeleza namna ya kupanda mpunga.

Wanaingia jioni ofisi zikishafungwa, maana wapangaji wa ghorofa nyingine hawataki kelele mchana. Kila mtu anapewa tindo, nyundo, au chepe ambalo mdomo wake umenolewa kwa grinda. Madirisha yanafungwa ili majirani wasilalamike. Joto likizidi, wanawasha feni. Kigae kilicholegea kinatoka kizima, huyo ni rafiki. Kilichong'ang'ania kinagongwa mpaka kivunjike vipande vipande. Chini yake kuna gundi nyeusi kama lami, na hiyo ndiyo adui mwenyewe. Wanamwaga petroli au mafuta ya taa, wanasubiri ilainike, wanakwangua. Ikikataa, inaletwa grinda. "Grinda ikishawashwa," akasema ba'mdogo, "hamuonani. Unamjua mwenzako kwa kikohozi chake." Alfajiri wanafagia kwa mifagio mikavu, wanajaza vipande kwenye viroba, lori linakuja kubeba, kila mtu anapokea shilingi 15,000 zake na kwenda kulala na nguo zile zile.

Barakoa? Nilimuuliza. Akasema siku nyingine anafunga shati puani.

Nilipokuwa namsikiliza nilikuwa natazama watoto wa jirani waliokuwa wanaruka mchezo wao wa visanduku vilivyochorwa chini. Kile kipande walichokuwa wanakirusha kilikuwa cha kijani, chenye michirizi myeupe. Nikasimama, nikaenda kukichukua. Ba'mdogo akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaniambia, "Njoo ndani uone."

Jamani! Nusu ya sebule yake ilikuwa imetandikwa vigae vya plastiki kutoka ofisi ya mjini. Bosi wake alimruhusu achague vizima, akajaza viroba viwili, akavipakia kwenye buti la basi mpaka Mpanda, na kutoka Mpanda mpaka Mamba. Alivipanga kwa ustadi mkubwa, kimoja cha kijani, kimoja cha kahawia, kama ubao wa drafti. Vile vya pembeni alivikata ili viingie kwenye kona, na mabaki ndiyo waliyochezea watoto. Kiroba cha pili kilikuwa chini ya kitanda, kinasubiri chumba cha bibi.

Na bibi! Bibi alikuwa na furaha isiyoelezeka. Alinionyesha nyayo zake, akasema tangu azaliwe hajawahi kuamka asubuhi akakanyaga chini na mguu ukabaki safi.

Naomba niseme hapa, sakafu siyo anasa. Nyumba nyingi za kwetu ni za tofali za kuchoma na chini ni udongo. Udongo una funza, una minyoo, na mtoto anayetambaa anakula kila anachokiokota. Kule Mexico serikali iliwahi kuwawekea watu maskini sakafu za saruji badala ya udongo, na watafiti waliofuatilia mpango huo waliandika mwaka 2009 kwamba watoto walipungukiwa sana na minyoo, kuhara na upungufu wa damu. Kwa hiyo mtu anayemcheka ba'mdogo kwa kubeba takataka za mjini safari yote hiyo, hajui anachokisema. Alikuwa anamtafutia mama yake kitu cha maana.

Tatizo ni kilichomo ndani ya vigae vyenyewe.

Vigae vingi vya plastiki vya miaka ile vilichanganywa na asbesto. Asbesto ni jiwe kama mawe mengine, linachimbwa. Afrika Kusini walilichimba, Zimbabwe walilichimba, Swaziland (sasa Eswatini) pia. Ajabu yake ni kwamba jiwe hilo linachambuka kama pamba, linatoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, nyembamba kiasi kwamba zikiwa hewani macho hayazioni. Haziungui kirahisi, hazikatiki kirahisi. Wenye viwanda walizipenda, wakaziweka kwenye mabati ya kuezekea, kwenye mabomba, kwenye breki za magari, kwenye vigae vya sakafu, na mara nyingi hata kwenye ile gundi nyeusi ya chini. Hapa kwetu tukisikia asbesto tunafikiria yale mabati ya kijivu ya kwenye shule na hospitali za zamani. Tunatazama juu, tunasahau chini.

Nyuzi hizo ukizivuta zinakwenda kukaa kwenye mapafu na mwili hauna uwezo wa kuzitoa zote. Zinaleta makovu kwenye mapafu, zinaleta saratani ya mapafu, na zinaleta saratani ya utando unaozunguka mapafu, inayoitwa mesotelioma. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 200,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini. Uingereza waliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Kenya mwaka 2006. Afrika Kusini, waliokuwa wachimbaji wakubwa, mwaka 2008. Marekani ndiyo waliozunguka zunguka mpaka mwaka 2024 walipoipiga marufuku aina ya mwisho waliyokuwa wakiitumia.

Kwa watu wa Mpanda hili halipaswi kuwa geni sana. Mpanda yenyewe imekuwa mji kwa sababu ya mgodi. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa kule kwa ajili ya madini ya risasi, na mgodi ule ulifungwa mwaka 1960. Mpaka leo vijana wanasaga mawe ya dhahabu kwenye makarasha. Tunawajua wanaume waliokaa sana kwenye karasha, wanaokohoa miaka mingi, wanaopewa dawa za kifua kikuu na hawaponi. Vumbi la mawe halina haraka. Na hata kama kigae hakina asbesto hata chembe, ile grinda inayosaga saruji ya chini inatoa vumbi la aina hiyo hiyo ya karasha.

Sasa wasomaji, msije mkakimbia ofisi zenu kesho. Kigae kizima kilichotulia sakafuni hakimrukii mtu. Nyuzi zimeshikwa ndani ya plastiki, na unaweza kutembea juu yake miaka 30 bila shida. Hatari inaanza pale unapokivunja, unapokisaga, unapokipiga msasa na unapofagia vumbi lake likiwa kavu. Yaani hatari inaanza kwa zile hatua hasa alizonieleza ba'mdogo, moja baada ya nyingine.

Nilikaa nikasoma miongozo ya wenzetu, hasa ya Uingereza, nione wanaofanya kazi hii kitaalamu wanafanyaje. Nawaandikia kwa kifupi, huenda fundi mmoja akasoma:

1. Wanapima kwanza. Kwa macho huwezi kujua. Kigae cha inchi 9 kwa 9 kwenye jengo la kabla ya miaka ya 1980 kinatia shaka, lakini jibu linatoka maabara, kwa kupeleka kipande cha kigae na cha gundi. Marekani sheria inataka jengo la biashara likaguliwe kabla ya kuvunjwa au kukarabatiwa.

2. Wanajiuliza kama kuna haja ya kung'oa. Mara nyingi jibu rahisi na salama ni kuviacha vilale, na kuweka sakafu mpya juu yake.

3. Kama lazima vitoke, wanafunga chumba kwa karatasi za nailoni, wanazima feni na viyoyozi, na asiyehusika haingii.

4. Wanalowesha. Maji yaliyotiwa sabuni kidogo, muda wote wa kazi. Vumbi lililolowa haliruki.

5. Wanang'oa kigae kikiwa kizima. Wanaanzia ukingoni kwa chuma kipana cha kukwangulia, na kama kimeng'ang'ania wanakipasha joto ili gundi ilegee. Gundi nayo inakwanguliwa ikiwa imelowa. Grinda na msasa ni mwiko. Na mafuta ya petroli ndani ya chumba kilichofungwa usiku, hilo halihitaji hata mwongozo, hilo ni moto unaosubiri cheche.

6. Wanavaa barakoa maalumu inayokaza usoni na kuchuja chembe ndogo, ile ya daraja la FFP3. Ile ya kitambaa tuliyoshona wakati wa korona haisaidii hapa. Juu wanavaa ovaroli la kutupwa, na haliendi nyumbani kwa mke na watoto.

7. Hawafagii. Wanafuta kwa vitambaa vilivyolowa, au kwa mashine ya kunyonya vumbi yenye chujio maalumu. Mashine ya kawaida inazirudisha nyuzi hewani.

8. Taka zinaingia kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Waingereza wanatumia mwekundu ndani na unaopitisha mwanga nje, yenye maandishi ya onyo. Halafu inakwenda kufukiwa mahali palipoidhinishwa.

Ukiangalia orodha hiyo, zaidi ya nusu yake ni maji, nailoni, vitambaa na subira. Kinachogharimu ni muda, maana kung'oa kwa kulowesha na kutoa kigae kizima kizima kunachukua siku nyingi kuliko kugonga na kusaga. Na muda wa mpangaji anayelipa kodi ya mjini ndiyo ghali.

Haya, turudi Mamba. Jioni ile nilimwambia ba'mdogo yote haya. Si jambo jepesi, mtoto kumwambia mkubwa wake kwamba zawadi aliyomletea mama yake inaweza kuwa na sumu. Nilianza mbali, nikazunguka kwenye makarasha, nikafika. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Sasa nyumba yangu ni sumu?"

"Hapana ba'mdogo. Vilivyolala vizima havina neno. Vumbi ndilo baya."

"Na mimi niliyelila hilo vumbi misimu minne?"

Nikamweleza ninachokijua. Kwamba hatari inaongezeka kadiri mtu anavyovuta vumbi jingi na kwa miaka mingi, kwa hiyo kuacha leo kuna faida kuliko kuacha mwakani. Kwamba sigara na asbesto vikikutana kwenye pafu moja, hatari ya saratani ya mapafu inapanda sana kuliko kila kimoja peke yake, kwa hiyo bora aziache sigara.

"Mwanangu," akasema, "yaani umenifukuza kazi na kuninyang'anya sigara jioni moja."

Tukacheka wote. Halafu akajipiga kifua. "Lakini mbona sikohoi? Nisikilize. Sina hata mafua."

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Kweli hana hata mafua. Magonjwa ya asbesto yanachukua miaka 20, 30, hata 40 ndiyo yajitokeze. Mtu wa namna hiyo akija kuugua atakuwa mzee wa miaka 70 huko kijijini, ataambiwa ni uzee, au ni kifua, au amelogwa. Ofisi aliyoing'oa sakafu itakuwa imeshakarabatiwa mara tatu nyingine. Nani atakumbuka?

Na tusiseme hatuna sheria. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wake, OSHA. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na NEMC. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaolipa mpaka magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini kibarua anayeitwa kwa simu saa 11 jioni na kulipwa mkononi alfajiri, jina lake liko kwenye daftari gani? Baada ya miaka 30 atathibitishaje kwamba aliwahi kupiga magoti kwenye ghorofa ile?

Kwa upande wa nyumba, tulikubaliana hivi. Vigae vilivyokwisha kubandikwa vibaki, visikatwe wala kusuguliwa, na akiuza mpunga atamwaga saruji na mchanga juu yake, bibi apate sakafu yake isiyo na maneno. Vipande vya watoto tulivilowesha, tukaviokota kimoja kimoja kwa mkono uliovikwa mfuko, tukavifunga kwenye mifuko miwili. Kile kiroba cha chini ya kitanda tulikizungushia nailoni na kukifunga kwa kamba, kikatolewa chumbani, kinasubiri afisa mazingira wa halmashauri aseme kizikwe wapi. Watoto walilia kwa ajili ya kipande chao cha kijani. Niliwatafutia kigae cha chungu.

Bibi hakusema kitu. Alikaa mlangoni akitazama ile nusu nyingine ya sebule ya udongo ambayo haitapata drafti. Mimi niliumia zaidi kwa ukimya wake kuliko kwa maneno ya ba'mdogo.

Kabla sijaondoka nilimwandikia ba'mdogo maswali matatu kwenye karatasi, ili fundi akimpigia tena amuulize. Vigae vimepimwa? Tutafanya kazi kwa maji au kwa kukausha? Barakoa za kweli zipo? Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Halafu akaniambia neno ambalo nimerudi nalo mjini.

"Nikimuuliza haya, atachukua kijana mwingine pale pale. Vijana wako wengi. Muulize wewe. Wewe unaingia kwenye hizo ofisi na kalamu."

Ana haki. Kibarua hana nguvu ya kuuliza. Mwenye nguvu ni mwenye jengo anayelipa, mpangaji anayetaka sakafu mpya, mhandisi anayeandika mkataba, na wewe mfanyakazi utakayerudi Jumatatu kukaa kwenye chumba kilichosagwa kwa grinda Jumamosi. Kama pale kazini kwenu wametangaza ukarabati, na chini kuna vile vigae vya michirizi, hebu wapelekee maswali hayo matatu kabla ya Ijumaa. Mimi nimeanza kuyapeleka kwenye majengo mawili hapa mjini. Sehemu moja wamenijibu vizuri, wanatafuta maabara. Sehemu ya pili wameniambia nirudi wiki ijayo, na nitarudi.

Mpunga wa Mamba mwaka huu, nashukuru Mungu, umekubali. Ba'mdogo anasema akipata magunia anayoyategemea hatakuja mjini. Tumwombee bei nzuri.

Tuonane wiki ijayo, wapendwa. Mkiwa maofisini, tazameni chini.